Namba ya Dada

Namba ya simu niliyoandika kwenye barua zangu za kuomba kazi haikuwa yangu. Ilikuwa ya dada yangu. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia habari hii huniuliza, kabla sijafika mbali, ilikuwaje msomi mzima nikaandika namba ya mtu mwingine. Na mimi huona aibu, kana kwamba kosa lilikuwa langu.

Mwaka niliomaliza stashahada ya kilimo, laini yangu ilifungwa. Ulikuwa wakati ule wa kusajili laini kwa alama za vidole, na namba yangu ya kitambulisho cha taifa ilikuwa bado haijatoka. Nilikuwa nimerudi nyumbani Buganguzi, kwa mama, ambaye aliishi peke yake tangu baba afariki. Nilimsaidia kupalilia kibanja, lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, na kuanika kahawa. Majirani waliopita njiani waliniona nimeinama kwenye migomba wakanitania kwamba nshomile, msomi wetu, amerudi kwenye jembe. Walisema kwa mapenzi, lakini kila waliposema nilijikuta nikinyoosha mgongo, nikijifanya napumzika tu.

Siku moja dada alipiga kwenye simu ya mama, akataka kuongea na mimi. Aliniambia kazi haiji kumtafuta mtu Buganguzi. Mjini ndiko ziliko ofisi na matangazo. Nihamie kwake Kibeta, nitakula na kulala, nitafute kazi nikiwa na utulivu.

Dada amenizidi miaka tisa. Ni muuguzi Bukoba mjini. Baba alipofariki nilikuwa bado sekondari, na ni yeye aliyenisomesha mpaka chuo. Kwetu mtu wa namna hiyo si dada tu, ni mzazi wa pili, na anapokuita hukai kupima. Wiki ile ile nilifungasha vyeti vyangu kwenye bahasha ya kaki, nikaiweka katikati ya nguo zisije zikapata unyevu, nikaenda.

Nyumba yake ipo kwenye mteremko, mbele barabara ya vumbi jekundu, nyuma kibanja kidogo. Mume wake ni dereva wa malori ya masafa, mtu mpole anayeonekana nyumbani siku tatu kisha anapotea mwezi. Walikuwa na binti wa miaka mitatu na mtoto mchanga wa miezi mitano. Msichana wao wa kazi alikuwa ameondoka. Dada aliniambia hilo nikiwa nimeshafika, akinikabidhi mtoto mkononi huku akitafuta kitambulisho chake cha kazini. Nilimpokea mtoto bila kuwaza lolote. Nani asingempokea?

Jioni ya kwanza nilipokuwa naandika barua ya kwanza mezani kwake, nilifika mahali pa namba ya simu nikasita. Alikuwa ananiangalia juu ya bega.

"Weka ya kwangu," alisema. "Mimi simu yangu haizimwi. Kazini haizimwi, kanisani haizimwi."

Nikaiandika. Hata baadaye, laini yangu ilipofunguliwa, niliendelea kuandika ile ile. Mwenyewe alishauri nisibadilishe. Alisema ofisi zimeshaizoea namba moja, na mtu mwenye namba mbili huonekana hajatulia. Aidha, simu yangu ilikuwa kitochi kinachokata chaji mchana, na yeye alikuwa na simu nzuri. Niliona ana akili kuliko mimi.

Kila Jumatatu dada alikuwa akiingia kazini mchana, kwa hiyo asubuhi ile ilikuwa yangu. Nilishuka kwa miguu mpaka Rwamishenye, kwenye duka la steshenari. Mwenye duka alikuwa msichana wa rika langu aliyezoea kuchapa barua zangu mpaka akawa anazijua kwa kichwa. Nilisoma matangazo ya wiki kwenye kompyuta yake, nikatoa nakala za vyeti, nikatuma barua zangu. Zilizotakiwa kupelekwa kwa mkono nilizipeleka kwa mkono. Nilikuwa na daftari ambalo niliandika kila ombi: ofisi, nafasi, siku niliyopeleka, majibu. Upande wa majibu niliuacha na nafasi kubwa.

Mwaka wa kwanza sikuwa na huzuni. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu ndilo linaloniuma. Nilikuwa na nguvu. Nyuma ya nyumba nilianzisha kitalu cha miche ya kahawa, nikamwagilia asubuhi mtoto akiwa mgongoni. Nilisoma upya madaftari yangu ya chuo nisije nikasahau. Majirani walianza kuja kuniuliza habari za migomba yao, kwa nini majani yanageuka njano, kwa nini mkungu unaiva kabla ya wakati, na dada alipokuwepo aliwaambia kwa majivuno kwamba huyu ni bibi shamba wangu. Binti yake alianza kuniita mama mdogo kwa sauti ya kuamuru. Mtoto alijifunza kukaa, akajifunza kutambaa. Upande wa majibu katika daftari ulibaki mweupe, lakini nilijiambia watu wote hungoja.

Mwaka wa pili ndipo nilipoanza kuharibika.

Nilitambua hilo kwa mara ya kwanza siku nilipotoa vyeti kwenye bahasha nikavikagua kimoja kimoja dirishani, nikitafuta kosa. Nilidhani labda kuna herufi imekosewa katika jina, au muhuri umefifia, kitu ambacho kila ofisi inakiona mimi sikioni. Nikabadilisha picha yangu kwa sababu niliona kwenye ile ya zamani nina uso wa mtu mzembe. Nikafupisha barua. Kisha nikairefusha. Kulikuwa na sentensi niliyoipenda, ya jinsi nilivyomsaidia mama kuokoa nusu ya kibanja chake ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoingia Buganguzi nikiwa likizo ya chuo. Niliifuta nikiona ni majivuno, halafu nikairudisha kwa sababu bila hiyo barua ilikuwa ya mtu yeyote.

Kijana niliyesoma naye, ambaye mimi ndiye niliyemwelekeza mitihani ya udongo mpaka akafaulu, aliweka picha kwenye kundi letu la WhatsApp amevaa gambuti na fulana ya shirika. Wote wakampongeza. Nami nikampongeza, kwa simu ya dada, kisha nikaenda nyuma kwenye kitalu nikakaa chini kati ya miche.

Nilianza kukosa Jumatatu. Moja, halafu mbili mfululizo. Msichana wa steshenari alimuuliza dada kama naumwa. Dada alirudi nyumbani akanikalisha kwenye kochi, akanishika mikono yote miwili. Aliniambia nisikate tamaa, Mungu hachelewi, kila mtu ana saa yake. Akaniambia yeye mwenyewe alikaa muda mrefu kabla ya kuajiriwa, watu wakamcheka, leo wanamwita sista. Aliongea vizuri sana. Nililia, akanifuta kwa kanga yake. Jumatatu iliyofuata nilishuka Rwamishenye na barua nne.

Kuna Jumamosi moja ambayo siwezi kuiacha. Ilikuwa zamu yetu kupokea jumuiya, ule mkusanyiko wa majirani Wakatoliki wanaosali nyumba kwa nyumba. Asubuhi nilifagia, nikatandika mikeka, nikapika chai ya maziwa kwa ajili ya watu ishirini. Ulipofika wakati wa nia, kila mmoja akataja linalomsumbua: ugonjwa, mtoto aliyepotelea Kahama, mvua. Dada alisubiri wengine wamalize. Kisha akafumba macho.

"Tumwombee mdogo wangu," alisema. "Mungu amfungulie mlango wa kazi. Ameteseka vya kutosha."

Wote wakaitikia. Mama mmoja mzee aliyekuwa jirani yangu kwenye mkeka aliweka mkono wake kichwani pangu na hakuutoa mpaka sala ilipokwisha. Nilijisikia nimebebwa. Nilimtazama dada, nikaona shavu lake limelowa, nikamshukuru Mungu kwa kunipa ndugu.

Baada ya miezi kadhaa mama alipiga simu. Migomba mitatu karibu na jiko lake ilikuwa inakauka. Nilipomuuliza kama akikata shina linatoa usaha wa njano, akasema ndiyo. Nikajua mnyauko umerudi. Nilimwomba dada ruhusa ya kwenda siku chache. Hakufurahi. Aliuliza nani atakaa na watoto, kana kwamba si yeye aliyewazaa, kisha akapata jirani wa kumsaidia, akanipa siku nne. Wakati huo neno hilo, kupewa siku nne, halikunishangaza. Nilikuwa nimezoea kuomba.

Nilifika Muleba kwa gari, nikachukua bodaboda mpaka Buganguzi. Mchana ule ule nilivaa gambuti za marehemu baba, nikaingia kibanjani. Nilikata mashina yaliyougua usawa wa ardhi. Panga nililichoma motoni kila baada ya shina moja, na mama alikaa pembeni akichochea moto. Maua ya migomba mizima niliyavunja kwa kijiti chenye panda, bila kuyagusa kwa chuma. Majirani walikuja kutazama. Kesho yake wakaniita kwao. Nilitoka kibanja hadi kibanja, nikieleza lile lile, na kila nilipoeleza nilihisi sauti yangu inarudi mahali pake. Nilikuwa nimesahau kwamba najua vitu.

Siku ya tatu kulikuwa na mkutano wa wakulima kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika. Ulikuwa umeitishwa na kampuni inayonunua kahawa upande huo. Msimamizi wao alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye gambuti zenye tope mpaka magotini. Alizungumza juu ya kuchuma kahawa iliyoiva tu. Alipomaliza, mzee mmoja akasema kahawa yao iko chini ya migomba, na migomba inakufa, kwa hiyo kabla ya kahawa wamsikilize kwanza binti yao. Wakanisukuma mbele. Niliongea nusu saa. Yule msimamizi alikaa juu ya gunia akanisikiliza, na baadaye watu walipoanza kutawanyika alinifuata chini ya upenu wa ghala.

Nilimwamkia. Akauliza nimesomea wapi, nikamwambia. Akauliza jina, nikamtajia yote matatu. Alikuwa anakwangua tope kwenye gambuti kwa kijiti. Akaacha.

"Wewe si uko Mwanza?"

"Hapana, mama. Niko Bukoba, Kibeta, kwa dada yangu."

"Ulileta ombi kwetu. Ulikuwa umeandika habari ya kibanja cha mama yako na mnyauko."

Nikamwambia ndiyo, ni mimi.

"Nilikupigia mwenyewe," alisema. "Mara mbili. Mara ya kwanza alipokea mwanamke, akasema ni dada yako, umetoka kidogo, atakupa ujumbe. Nilisubiri, nikaona kimya, nikapiga tena. Akaniambia umeshapata kazi Mwanza, akanishukuru."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekumbusha habari ya kawaida. Halafu akanitazama usoni na sauti yake ikabadilika. Akasema labda anachanganya, maombi yalikuwa mengi. Lakini wote wawili tulijua hakuchanganya. Nilimuuliza ilikuwa lini. Akasema ni mwanzoni mwa Kwaresima, walikuwa wanatafuta watu wawili wa kukaa huku huku Muleba, na nafasi zilishajazwa. Aliona vibaya kuniambia hilo la mwisho. Aliangalia pembeni alipolisema.

Sala ya jumuiya nyumbani kwa dada ilikuwa Jumamosi ya pili ya Kwaresima. Nilikumbuka kwa sababu chai ile tuliinywa bila vitafunwa.

Nitasema jambo ambalo huenda likaonekana la ajabu. Kitu cha kwanza nilichosikia pale chini ya upenu kilikuwa furaha. Barua yangu ilisomwa. Mtu mzima, mwenye kazi yake, aliisoma mpaka kwenye ile sentensi niliyoifuta na kuirudisha, akachukua simu kunitafuta. Mara mbili. Hakukuwa na kosa kwenye vyeti. Hakukuwa na laana kwenye jina langu. Furaha hiyo ilidumu kama muda wa kutoka ghalani mpaka njia panda. Kisha ikaja ile nyingine, ya dada, nikakaa juu ya jiwe mbele ya nyumba ya mtu asiyenijua.

Kabla hatujaagana msimamizi alikuwa amenipa kalamu na daftari lake niandike namba. Niliandika ya kwangu, nikaisoma kwa sauti kuihakikisha, nikairudia tena.

Mama sikumwambia siku ile. Sikulala vizuri na asubuhi niliondoka siku yangu ya nne ikiwa haijaisha.

Nilimkuta dada barazani Kibeta, ana siku ya mapumziko, amemkalisha binti yake katikati ya magoti anamsuka. Mtoto mdogo alinijia mbio, mikono juu. Alikuwa ametimiza miaka miwili na alikuwa na miguu yenye nguvu. Nilimbeba. Nikauliza nikiwa bado nimesimama.

"Dada, kuna mtu wa kampuni ya kahawa ya Muleba aliwahi kunipigia?"

Hakuinua kichwa. Vidole vyake viliendelea na nywele, vikafika mwisho wa utosi, vikafunga uzi.

"Nani amekuambia?" akauliza.

Nadhani hadi hapo nilikuwa na tumaini. Njia nzima, kwenye gari, nilikuwa nimemtungia maneno ya kujitetea: simu ilipokelewa na mwenzake wa kazini, alisahau kwa uchovu wa zamu, alisikia vibaya. Nilikuwa tayari kuyaamini yote. Aliposema nani amekuambia, yakaisha.

Alimwambia binti aende akacheze kwa jirani. Kisha akasema alitaka huyu mdogo akue kwanza. Alikuwa peke yake, mume barabarani, wasichana wa kazi wanakuja na kuondoka, mmoja alimpiga mtoto, mwingine alitoroka. Alijua nitapata nyingine. Kazi kama zile, alisema, zinatangazwa kila siku.

Nikamuuliza walipiga wangapi.

"Wawili."

Mtoto alikuwa anavuta hereni yangu. Dada akachukua kitana, akakiweka chini, akakichukua tena.

"Watatu," akasema. "Na yule wa vanila."

Ofisi ya kampuni ya vanila ilikuwa Rwamishenye. Barua yao niliipeleka kwa mkono, ni mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka pale tulipokaa. Ningeweza kuondoka nyumbani kwake asubuhi na kurudi jioni nikamwogesha mtoto wake. Nilimwambia hivyo. Akajibu kwamba hata hivyo mchana ungebaki bila mtu.

"Ungeniomba," nilimwambia. "Ungesema tu, mdogo wangu, kaa miaka miwili unilelee. Ningekaa, dada. Wewe ndiye uliyenisomesha. Ningekataaje?"

"Ungekaa kwa kunihurumia," alisema. "Ungenuna. Mimi nilitaka ukae ukiwa na matumaini."

Nimeligeuza jibu hilo mara nyingi tangu siku ile. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama muuguzi anayeeleza kwa nini hakumwambia mgonjwa jina la ugonjwa wake. Nafikiri aliamini kwamba alinitendea wema, kwamba kunishika mikono kwenye kochi na kunituma Rwamishenye na barua nne ilikuwa sehemu ya kunitunza. Alinipa moyo niendelee kupeleka barua ambazo majibu yake aliyapokea yeye. Nikamuuliza kuhusu ile sala. Hapo ndipo alipolia, na mimi sikumfuta.

Sikuondoka siku ile, wala kesho yake. Watu huniuliza kwa nini. Ni kwa sababu Jumatatu alikuwa na zamu, na watoto hawakuwa wamenikosea. Nilikaa siku tano zaidi mpaka alipopata mama mmoja wa kukaa nao. Siku hizo tano tuliongea habari za chumvi na sabuni tu. Miche yangu ya kahawa niliigawa kwa majirani. Asubuhi ya kuondoka binti yake alining'ang'ania mguu, ikabidi shemeji, aliyekuwa amerudi usiku uliopita na hajui lolote, ambandue. Alinisindikiza mpaka barabarani akinishukuru kwa yote niliyowafanyia. Alisema hajui wangefanyaje bila mimi.

Mama nilimwambia nilipofika Buganguzi. Alikuwa anamenya ndizi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kumenya mpaka sufuria likajaa. Kisha akasema nisimwambie mtu. Akasema dada yako alikuwa amechoka, na ya ndugu hayatoki nje. Sikutegemea alaani, ni mtoto wake pia. Lakini nilitegemea aniulize mimi nilikuwa nimechoka kiasi gani.

Simu yangu iliita msimu wa kahawa ulipofunguliwa. Ilikuwa ni yule msimamizi. Alisema hana ajira, ana kibarua cha miezi mitatu cha kupokea na kukagua kahawa kwenye ghala. Nilikubali kabla hajamaliza. Miezi mitatu ikawa sita. Mmoja wa wale wawili walioajiriwa Kwaresima ile alipokwenda kusoma, nikapewa nafasi yake. Ndiyo kazi ninayofanya mpaka sasa, nina pikipiki, nina vikundi vya wakulima kutoka Buganguzi mpaka ng'ambo ya Muleba mjini.

Nisingependa mtu adhani kwamba nilipopata kazi mambo yalinyooka. Miaka ile miwili ilikuwa imekula kitu. Mwanzoni sikuweza kutoa maoni kwenye kikao bila kuanza kwa kuomba radhi. Nilirudia hesabu za mizani mara tatu. Mkulima akinibishia, hata kama hajui, nilinyamaza nikidhani labda kweli mimi sijui. Siku moja msimamizi aliniita pembeni.

"Usiombe radhi kwa kitu unachokijua," aliniambia. "Nani alikufundisha hivyo?"

Nadhani alishajua.

Nilichojifunza ni kidogo, na si cha kumfaa kila mtu. Kwa muda mrefu nilidhani moyo wa kuendelea hutoka kwa watu wanaokupa moyo. Sasa nikiona msichana anakuja ghalani na bahasha yake, simwambii asikate tamaa. Namwonyesha kazi ya kufanya siku hiyo, hata kama ni kuchambua kahawa, nikijua kwamba mtu aliyetumia mikono yake kwa alichosomea anarudi nyumbani akiwa mzima kidogo. Siku zile tatu kibanjani kwa mama zilinirudishia zaidi ya mwaka mzima wa kutiwa moyo.

Krismasi iliyopita dada alikuja Buganguzi na watoto. Tulikuwa hatujaonana ana kwa ana muda mrefu. Jikoni tulijaa wanawake wa ukoo, wengine wanamenya, wengine wanaosha samaki. Shangazi yetu, ambaye anaishi mbali na huja mara moja kwa mwaka, alinisifu kwa kazi yangu, kisha akamgeukia dada akamwambia, kasinge waitu, asante sana, Mungu akulipe kwa ulivyohangaika kumtafutia mdogo wako hiyo nafasi. Akatueleza sisi sote jinsi dada alivyomsimulia kwenye simu: kwamba alimfahamu mtu kwenye kampuni, akampigia, akamwomba.

Jikoni palikuwa na kelele na nadhani ni mimi tu niliyesikia ukimya wa dada. Aliendelea kumenya. Hakusema hapana. Wanawake wakamshukuru kwa zamu, na kila mmoja alimjibu kwa sauti ndogo, asante, asante. Mama alinitazama kutoka upande wa mafiga, akatikisa kichwa kidogo sana, akimaanisha nyamaza.

Nilitoka nje kumwaga maganda, na baada ya muda dada akanifuata mpaka kwenye migomba. Alisema alimwambia shangazi hivyo ili asiulize mengi.

Nikamwambia sawa.

"Si ulipata, lakini?" akasema.

"Nilipata."

Alisubiri niseme zaidi. Kibanja cha mama kilikuwa kimechipua vizuri upande ule, na binti yake alikuwa anakimbia kati ya migomba akijificha, ananiita mama mdogo nimtafute. Nilimwacha dada amesimama pale. Nilienda kumtafuta mtoto.